Picha Imngoje Mwimbaji

Mwaka 1659 Christiaan Huygens, mwanasayansi Mholanzi aliyebuni saa ya pendulamu, alijaza ukurasa mmoja kwa michoro midogo ya kiunzi cha mifupa ya binadamu. Katika kila mchoro kiunzi kimesimama tofauti kidogo na kilivyosimama katika mchoro uliotangulia. Hapa kinanyanyua mkono, pale kinang'oa fuvu lake shingoni, kwingine kinalishika mkononi kana kwamba ni kofia. Huygens aliandika kwamba michoro hiyo ni ya kuonyeshwa kwa taa na lenzi. Taa aliyokuwa anaizungumzia ilikuwa kisanduku chenye mwanga ndani, kibao cha kioo kilichochorwa, na lenzi ya kuitupa picha ukutani ikiwa kubwa. Wazungu waliita chombo hicho taa ya mazingaombwe. Kabla hakijaenea Ulaya, mtu wa kwanza kukishughulikia kwa makini alikuwa tayari anafikiria namna ya kuifanya picha ichezecheze.

Leo mwanamuziki akipanda jukwaani, nyuma yake huwaka skrini. Moto unapanda, majengo yanaporomoka, maua yanachanua kwa mpigo wa ngoma. Vijana wanaotengeneza picha hizo kwa kompyuta hudhani fani yao imezaliwa juzi. Nimeifuata njia yake nyuma kupitia michoro, hataza, filamu na maelezo ya mafundi, na nimekuta fani yenye zaidi ya miaka mia tatu. Katika muda wote huo imekuwa ikishindana na swali moja: muziki na picha vinapokutana jukwaani, nani anamfuata mwenzake?

Kila kizazi kimelijibu swali hilo kwa chombo kilichokuwa nacho. Wengine walijibu vizuri wakiwa na vioo na mishumaa, na wengine walikosea wakiwa na mitambo ya mamilioni.

Mizimu ya Paris

Étienne-Gaspard Robert alizaliwa Liège mwaka 1763 na akajulikana kwa jina la jukwaani la Robertson. Mwanzoni mwa 1798 alifungua onyesho mjini Paris aliloliita fantasmagoria. Mwaka uliofuata alilihamishia kwenye nyumba ya watawa wa Kikapuchini iliyokuwa imetelekezwa baada ya Mapinduzi ya Ufaransa. Watu waliingia kwa kupitia majengo ya giza, wakaketi, taa zikazimwa. Kisha mizimu ikaanza kuwajia.

Siri ilikuwa nyuma ya pazia. Robertson aliiweka taa upande wa pili wa kitambaa chepesi kilichopakwa nta, ili watazamaji waione picha bila kukiona chombo. Taa yenyewe aliipandisha juu ya magurudumu. Ikiwa karibu na pazia, picha ilikuwa ndogo. Fundi alipoivuta nyuma, picha ilikua, na watu wakaona mzimu unawakimbilia. Kazi ngumu ilikuwa kuilinda picha isififie wala kupoteza ukali wake wakati wa mwendo, kwa hiyo lenzi ilibidi irekebishwe na mwanga udhibitiwe hatua kwa hatua. Jambo la mwisho lilikuwa dogo lakini la busara kubwa: sehemu yote ya kioo iliyoizunguka picha ilipakwa rangi nyeusi. Bila mpaka unaoonekana, mzimu ulielea hewani. Mbunifu wa picha za jukwaani leo anayeacha usuli mweusi ili umbo lielee nyuma ya mwimbaji anatumia ujanja huo huo.

Muziki ulikuwepo tangu mwanzo. Robertson alitumia ala ya bakuli za kioo zinazozungushwa na kuguswa kwa vidole vilivyolowa maji, ambayo Benjamin Franklin aliibuni mwaka 1761. Sauti yake nyembamba ilijaza giza lile, na fundi aliyekuwa nyuma ya pazia aliisikia kama walivyoisikia watazamaji. Mkono wake uliivuta taa kwa kadiri ya sauti na ya mayowe ya watu. Picha ilikuwa hai kwa sababu aliyeiendesha alikuwa hai na alikuwa anasikiliza.

Robertson alifariki mwaka 1837. Kaburi lake liko kwenye makaburi ya Père Lachaise, Paris, na ubavuni limechongwa onyesho lake: viunzi vya mifupa vinaruka na watazamaji wamejawa hofu.

Mafundi wanaosoma nota

Tarehe 13 Agosti 1876, katika mji mdogo wa Bayreuth nchini Ujerumani, mtunzi Richard Wagner alifungua jumba alilolijenga mahususi kwa ajili ya opera zake. Siku hiyo ilianza Pete ya Mnibelung, opera nne zinazochezwa kwa siku nne. Wagner alitaka watazamaji wasahau kwamba wamo ukumbini. Okestra aliificha shimoni chini ya jukwaa, na ukumbi aliufanya uwe na giza wakati wa onyesho, jambo ambalo halikuwa desturi katika majumba ya opera ya zama hizo.

Kisha akawadai mafundi wake mambo yasiyowezekana. Hadithi inaanzia chini ya mto Rhine, ambako mabinti watatu wa majini wanaimba huku wakiogelea. Baadaye mashujaa wa kike wa mbinguni wanapita mawinguni juu ya farasi. Kazi ya mitambo alikabidhiwa Carl Brandt wa Darmstadt. Mvuke kutoka kwenye matangi ya garimoshi ulipandishwa jukwaani kuwa ukungu na pazia. Carl Emil Doepler, aliyebuni mavazi, alichora wapanda farasi kwenye vibao vya kioo, na taa ya mazingaombwe ikawapitisha mawinguni.

Picha hizo hazikumridhisha Wagner, na wapo walioziona hafifu. Kilichofaulu zaidi kilikuwa mtambo wa mabinti wa majini. Kila mwimbaji alifungwa juu ya nguzo iliyosimama kwenye gari la magurudumu. Chini yake, mahali pasipoonekana, mafundi walilisukuma gari na kumpandisha na kumshusha. Pamoja nao waliwekwa wasaidizi wa muziki waliokuwa wakifuata nota na kuwaelekeza: sasa mpandishe, sasa mgeuze, sasa simama. Kwa maneno mengine, mtambo ulikuwa na mwanamuziki wake.

Hilo naliona kuwa somo kubwa kuliko yote ya Bayreuth. Brandt na Wagner walitambua kwamba fundi mwenye nguvu na ustadi wa mitambo hatoshi. Lazima karibu yake awepo mtu anayejua wimbo umefika wapi na unakwenda wapi.

Hariri, rangi na nuru

Miaka 16 baadaye, tarehe 5 Novemba 1892, mchezaji dansi wa Kimarekani Loïe Fuller alipanda jukwaa la Folies Bergère, Paris. Vazi lake lilikuwa hariri nyingi mno, na mikononi alishika fimbo ndefu za kuizungushia. Hariri ilipopaa ikawa kipepeo, ikawa yungiyungi, ikawa mwale wa moto. Taa za umeme zenye vioo vya rangi zilimmulika kutoka pande mbalimbali, na hata kutoka chini kupitia sakafu ya kioo. Mwaka 1894 alipata hataza ya Marekani kwa vazi hilo na fimbo zake.

Fuller aliondoa utengano uliokuwepo kati ya mtu na picha. Kwa Robertson skrini ilikuwa mbele ya watu, kwa Wagner ilikuwa nyuma ya waimbaji, lakini kwa Fuller skrini ilikuwa mwili wake mwenyewe. Mafundi wa taa walimtazama yeye na kupokea ishara zake. Akichelewa, nuru nayo ilichelewa. Akiharakisha, nayo iliharakisha.

Mtunzi Mrusi Alexander Scriabin alikwenda mbali zaidi. Katika utunzi wake wa okestra wa mwaka 1910, Prometheus, aliiandikia nuru mstari wake wa nota juu kabisa ya ukurasa, kana kwamba nuru ni ala nyingine. Mpigaji angebonyeza kinanda, na badala ya sauti zingetoka rangi. Utunzi ulipochezwa mara ya kwanza Moscow mwaka 1911, sehemu ya nuru iliachwa. Ilijaribiwa Carnegie Hall, New York, tarehe 20 Machi 1915, okestra ikiongozwa na Modest Altschuler. Rangi zilitupwa kwenye skrini ndogo ambayo haikulingana na ukubwa wa muziki ule, na wakosoaji hawakuvutiwa. Wiki chache baadaye Scriabin alifariki Moscow bila kuiona ndoto yake imekamilika. Alichotuachia ni wazo kwamba mwendeshaji wa picha ni mmoja wa wanamuziki na anastahili nota zake.

Mpira unaoruka

Kisha ikaja filamu, na mambo yakageuka.

Taa ya mazingaombwe iliendeshwa kwa mkono. Filamu huendeshwa na mota. Ilipopata sauti, mwendo wake ulikazwa kuwa fremu 24 kila sekunde, na baada ya hapo haikumsubiri mtu. Wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika una mapigo mawili kila sekunde, kwa hiyo pigo moja ni fremu 12. Mchoraji akitaka mguu ugonge ardhi pamoja na ngoma, anahesabu michoro 12 kutoka hatua hadi hatua. Hesabu hiyo ndiyo uti wa mgongo wa uhuishaji wa muziki hadi leo.

Mwaka 1928 Walt Disney alikuwa na katuni ya Mickey Mouse iliyokwisha kuchorwa, Steamboat Willie, akaenda New York kurekodi muziki wake. Okestra ililazimika kwenda sawa na picha. Mara ya kwanza ilishindikana, fedha zikaisha, Disney akauza gari lake. Kwa jaribio la pili kwenye filamu kulichorwa mpira unaoruka juu na chini kwa mapigo, na kiongozi wa okestra akaufuata kwa macho. Safari hii walifaulu. Tarehe 18 Novemba 1928 katuni ilionyeshwa Colony Theatre, na dunia ikashangaa.

Mwaka uliofuata Disney alitoa katuni iliyozaliwa na wazo la mtunzi wake wa muziki, Carl Stalling, na kuchorwa na Ub Iwerks: viunzi vinne vya mifupa vinacheza makaburini usiku. Kiunzi cha Huygens kilikuwa kimesubiri miaka 270 kupata muziki wake.

Lakini tuutazame tena ule mpira. Kiongozi wa okestra, ambaye kazi yake ni kuongoza, ameambiwa afuate alama kwenye skrini. Kwa mara ya kwanza katika njia hii, picha imekuwa bwana na mwanamuziki mtumwa. Studioni hilo halina ubaya, kwa kuwa wimbo hurekodiwa mara moja tu. Jukwaani, usiku baada ya usiku mbele ya watu tofauti, ni jambo jingine kabisa.

Disney mwenyewe aliligeuza agizo hilo katika filamu yake ya Fantasia. Kiongozi wa okestra Leopold Stokowski na Okestra ya Philadelphia walirekodi muziki kwanza, ndipo wachoraji wakausikiliza na kuuchora. Sehemu ya muziki wa Bach mwanzoni alihusika nayo Oskar Fischinger, Mjerumani aliyekuwa ameshatengeneza filamu fupi za maumbo matupu, duara na mistari na mawimbi, yanayocheza sambamba na santuri. Fischinger hakuridhika na namna kazi yake ilivyobadilishwa na wengine, akaondoka mwaka 1939, na jina lake halikuandikwa kwenye filamu. Fantasia ilizinduliwa tarehe 13 Novemba 1940 katika ukumbi ule ule wa Steamboat Willie, ambao kwa wakati huo ulikuwa umepewa jina la Broadway Theatre.

Kitanda kifupi

Mwaka 1958, kwenye Maonyesho ya Dunia mjini Brussels, banda la Czechoslovakia lilileta onyesho lililoitwa Laterna Magika. Waliolitengeneza ni mwelekezi Alfréd Radok na mbunifu wa jukwaa Josef Svoboda. Msichana mtangazaji alisimama jukwaani akizungumza na picha zake mwenyewe zilizokuwa kwenye skrini, na kila picha ilizungumza lugha nyingine. Wachezaji walitoweka jukwaani na kutokea kwenye filamu, kisha wakarudi. Watu walipanga foleni kuliona.

Svoboda, aliyezaliwa 1920 na kufariki 2002, angeweza kustarehe na sifa hizo. Badala yake aliutambua udhaifu wa kazi yake na kuusema waziwazi. Filamu ilikuwa imepigwa na kuhaririwa mapema. Mchezaji akiteleza, filamu haitelezi naye. Watazamaji wakicheka kwa muda mrefu, filamu haiwasubiri. Aliifananisha hali hiyo na kitanda cha Procrustes, yule jambazi wa hadithi za Kiyunani aliyewalaza wageni kitandani na kuwakata miguu waliokuwa warefu.

Jawabu lake alilileta Boston, Marekani, mwaka 1965, katika opera ya Luigi Nono iitwayo Intolleranza. Mahali pa filamu aliweka kamera za televisheni na projekta kubwa. Kilichotokea kilionekana papo hapo kwenye skrini, waimbaji, kwaya, hata watazamaji wenyewe. Na ikafika sehemu inayohusu ubaguzi wa rangi. Sura za watazamaji zilikuwa kwenye skrini, wengi wao Wazungu. Fundi akaigeuza picha kuwa negativu, na nyuso nyeupe zikawa nyeusi mbele ya macho ya wenyewe. Baadhi ya watu walikasirika.

Nimesoma habari za maonyesho mengi katika njia hii, na sijui jingine lililotumia mtambo kwa shabaha kali kuliko hilo. Kitendo chenyewe kilikuwa rahisi: kugeuza mwanga kuwa giza na giza kuwa mwanga. Nguvu yake ilitokana na kuchagua sekunde yake, wimbo wake na watu wake.

Mafuta na maji

Tarehe 8 Machi 1968 ulifunguliwa New York ukumbi wa muziki wa roki ulioitwa Fillmore East, mtaa wa Second Avenue. Nyuma ya bendi ilitundikwa skrini kubwa, na nyuma ya skrini walifanya kazi vijana wa Joshua Light Show, kikundi cha Joshua White.

Vifaa vyao vingi vilikuwa vya mtu yeyote. Walichukua vioo vya mviringo vya kufunikia saa za ukutani, wakamimina maji yenye rangi na mafuta yenye rangi nyingine, wakaviweka juu ya projekta ya mezani. Mafuta na maji havichanganyiki. Kioo kikitikiswa, rangi zinasukumana, zinapasuka, zinaungana. Fundi alikitikisa kwa mpigo wa ngoma aliousikia wakati huo huo. Wengine walipitisha slaidi, vipande vya filamu, na mwanga uliorudishwa na vioo vilivyopinda. Gitaa liliporefusha, rangi zilirefusha. Bendi iliponyamaza, mikono nayo ilitulia.

Hawa walirudi kwa Robertson. Walisimama mahali alipokuwa amesimama, nyuma ya pazia, mkono ukiwa kwenye chombo na sikio likiwa kwenye muziki. Ukumbi ulifungwa Juni 1971, lakini picha zao zimeathiri kila mtu aliyewahi kuweka rangi zinazoyeyuka nyuma ya mpiga gitaa.

Ukuta unaogeuka skrini

Wasanii waliofuata walitaka kusimulia hadithi ndefu, na kwa hadithi rangi zinazoelea hazitoshi. Mwaka 1980 Pink Floyd walianza maonyesho ya The Wall mjini Los Angeles. Mark Fisher na Jonathan Park walibuni ukuta wa matofali ya kadibodi wenye kimo cha takriban mita 12. Mafundi waliujenga tofali kwa tofali wakati bendi inapiga, hadi ulipowaficha wanamuziki kabisa.

Ukuta ulipokamilika ukawa skrini. Projekta tatu za filamu ya milimita 35 zilitupa kwa pamoja katuni za Gerald Scarfe, mchoraji wa Kiingereza aliyejulikana kwa vibonzo vikali vya kisiasa. Nyundo zilipiga gwaride kama askari. Maua mawili yalibembelezana kisha yakatafunana. Hakimu aligeuka dubwana. Kila mchoro ulichorwa kwa mkono, na kila mmoja ulikuwa na sababu ya kuwepo, kwa kuwa hadithi ilihusu mtu anayejifungia mbali na watu, na ukuta wenyewe ndio uliokuwa unasema. Sehemu ya kutupia picha ilikuwa tayari imebeba maana kabla ya picha kuwaka.

Gharama yake ilikuwa uhuru. Ili waende sambamba na filamu, wanamuziki walivaa vipokea sauti masikioni na kusikia mlio wa mapigo usiopungua wala kuongezeka. Mpira wa Steamboat Willie ulikuwa umeingia sikioni. Kwa The Wall hilo lilikubalika, kwa sababu onyesho lilikuwa tamthilia yenye mwanzo na mwisho uliopangwa, na hadithi ya kifungo inaweza kuvumilia muziki uliofungwa. Tatizo lilikuja pale wengine walipoiga minyororo bila kuwa na hadithi.

Kutoka nukta hadi kuba

Kompyuta ilileta njia mbili kwa pamoja. Njia ya kwanza ni ya kufunga. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mafundi wa televisheni walibuni saa ya kidijitali inayoipa kila fremu anwani yake ya saa, dakika, sekunde na fremu. Saa hiyo leo huendesha taa, picha, moshi na fataki kwa pamoja katika maonyesho makubwa. Kitufe kinabonyezwa mara moja, na wimbo mzima unakwenda kama reli.

Njia ya pili ni ya kufungua. Mwaka 2003 bendi ya Kiingereza ya Massive Attack ilizunguka na skrini ya nukta za mwanga iliyotengenezwa na kikundi cha London, United Visual Artists. Picha nyingi zilizalishwa na programu palepale jukwaani, zikibeba habari na takwimu zinazohusu mji wa siku hiyo, kwa lugha ya watu wake. Onyesho la mji mmoja halikuwa sawa na la mji uliofuata.

Ukubwa nao uliongezeka. Aprili 1997 U2 walifungua ziara ya PopMart mjini Las Vegas wakiwa na skrini ya LED yenye upana wa takriban mita 50, kitu ambacho ziara za muziki hazikuwa zimekiona. Tarehe 29 Septemba 2023 bendi hiyo hiyo, katika mji huo huo, ilizindua Sphere, kuba ambalo ndani yake skrini ya takriban mita za mraba 15,000 inapanda kutoka jukwaani na kupita juu ya vichwa vya watu. Mbunifu mkuu wa maonyesho yao katika nyakati zote mbili alikuwa Willie Williams. Kuba kama hilo lina hatari ambayo Robertson asingeiota: watu wanne jukwaani wanaweza kumezwa na picha yao wenyewe. Ndiyo maana katika onyesho lile nyuso za wanamuziki zilirudishwa mara kwa mara kwenye skrini zikiwa kubwa, na zipo nyimbo ambazo picha ilipunguzwa makusudi ili watu warudi kusikiliza.

Jukwaa letu

Skrini za LED zimefika kwetu. Matamasha ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala yanazo, na vijana wenye kompyuta wanaziwekea picha. Kwetu swali la nani anamfuata nani lina uzito zaidi, kwa sababu muziki wetu mwingi umejengwa juu ya kungojana.

Katika taarabu, shabiki huinuka kitini, akacheza taratibu hadi mbele, akamtuza mwimbaji. Mwimbaji mzuri huurudia ubeti ule uliomgusa, mara mbili, mara nne, maadamu watuzaji wanakuja. Katika muziki wa dansi, wimbo unaanza polepole, kisha unaingia chemko, na urefu wa chemko unaamuliwa na wachezaji waliopo uwanjani. Katika bongo fleva, msanii hunyamaza ghafla na kuwaachia mashabiki wauimbe wao. Hakuna filamu iliyokwisha kuhaririwa inayoweza kujua usiku huo watatuza watu wangapi. Ukimfunga mwimbaji wa taarabu kwenye saa ya fremu, umemnyang'anya taarabu yenyewe.

Kwa hiyo nasema na wewe kijana unayebuni picha za jukwaani. Hudhuria mazoezi ya bendi kabla hujafungua programu yako, na uujue wimbo hadi uweze kuuimba. Usitengeneze filamu moja ndefu ya dakika tano. Tengeneza vipande vifupi vinavyoweza kujirudia bila mshono kuonekana, kimoja cha ubeti, kimoja cha kiitikio, kimoja cha chemko, kisha uviendeshe kwa mkono usiku wa onyesho. Acha weusi wa kutosha ili mwimbaji aonekane. Pale maneno yanapobeba uzito, tuliza mwendo wa picha, watu wayasikie. Na kama wewe si mtu wa muziki, keti na mtu wa muziki pembeni yako, kama Bayreuth walivyofanya mwaka 1876.

Nanyi waandaaji wa matamasha, mnapokodi skrini kubwa, mlipeni na mtu wa kuiendesha, mpeni muda wa mazoezi, na andikeni jina lake kwenye bango. Yeye ni mwanamuziki kama wengine waliopo jukwaani. Skrini inakodishwa popote. Sikio lake ndilo litakaloamua kama picha ile itamngoja mwimbaji au itamwacha.